Muulize Shangazi: Mama anataka kuyaona maji, lakini majini hapandi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Mama yangu yuko Kahama, ana miaka 69, na baba alishatangulia. Tangu nihamie huku, mama huja kwa msiba tu, kesho yake anarudi kwa kuku wake. Pasaka hii nina mapumziko kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na nimeweka akiba ili nimlete tutembee mimi na yeye. Niliona picha za kisiwa cha Ukerewe nikatamani tupande meli, tulale Nansio usiku mbili.

Nilipompigia simu alifurahi sana, akasema, "Nataka niyaone yale maji." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini majini sipandi." Shoga yake wa tangu utotoni alikufa kwenye MV Bukoba. Nyumbani jambo hilo halizungumzwi.

Nimbembeleze apande, au niachane na Ukerewe? Kisiwa cha Saanane je? Magoti yanamsumbua na ana presha. Tena anasema lazima aingize miguu ziwani, nami naogopa kichocho. Kaka yangu mkubwa naye ananung'unika kwamba hela hii ingetosha kununua bati za jiko la mama. Nifanyeje?

Mwalimu wa Buhongwa

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama barua ya safari, na mara ya pili kama barua ya mama yako. Nakujibu hii ya pili.

Ukerewe ni kwetu. Nimezaliwa Nansio, na ningependa kila mtu afike akaone machungwa yanavyouzwa kwa fungu barabarani na majabali yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga. Hata hivyo, Pasaka hii usimpeleke mama huko. Ukerewe umeitamani wewe. Mama amekuomba kitu kimoja tu, kuyaona maji, na akakuwekea mpaka wake papo hapo. Mtu wa umri wake akikuambia waziwazi anachotaka na asichotaka, amekurahisishia kazi.

Hesabu nayo haikubali. Atatoka Kahama kwa basi, atafika amechoka. Meli ya Nansio ni mwendo wa saa tatu na zaidi, kwenda, halafu kurudi. Ukisema uzunguke kwa barabara, utapita Magu na Lamadi mpaka Bunda, ukate kushoto kwenda Kisorya, na hiyo ni nusu siku ya kukaa kitini. Ukifika Kisorya bado kuna kivuko cha kukuvusha hadi Rugezi, kwa hiyo maji hujayakwepa. Siku nne zitaishia safarini, na magoti yake yatakuwa ndiyo yaliyosafiri.

Sasa kuhusu kubembeleza. Usimbembeleze. Mei 21, 1996, meli ile ilipozama asubuhi ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, mimi nilikuwa na genge la chai nje ya bandari. Nawakumbuka akina mama waliokaa chini ukutani, khanga wamejifunga viunoni, chai hawataki, kiti hawataki, wanatazama upande wa ziwa tu. Mmoja alikuwa ameshika kikapu cha ndizi alichokuja kumpokelea mtu, na alikishika hivyo siku nzima bila kukiweka chini. Mamia ya watu walikufa, na si wote waliopata mwili wa kuzika. Halafu Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia gati la Bwisya, Ukara, na majeraha ya wengi yakafumuka upya. Kwa hiyo mama yako akisema majini hapandi, hilo si jambo la kuondolewa kwa maneno ya "Mama, siku hizi meli ni nzuri." Meli inaweza kuwa nzuri kweli, na bado yeye asipande.

Ila kuna jambo ambalo wewe, kwa kuhofia kumuumiza, unaweza kulipita. Wahanga wa MV Bukoba wana makaburi yao ya pamoja na mnara wa kumbukumbu Igoma, humu humu jijini, kwenye barabara ya Musoma. Kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika pale kuwaombea. Inawezekana mama yako hajui. Inawezekana anajua, na amekuwa akingoja mtu wa kumpeleka kwa miaka yote hii. Neno lake la kuyaona "yale maji" mimi limenigusa. Hakusema ziwa, hakusema Mwanza.

Usimuulize kwenye simu, wala mbele ya wageni. Ngoja afike, apumzike, mkae jikoni kwako mnachambua mchele, ndipo umwambie: "Mama, makaburi ya MV Bukoba yako Igoma, si mbali. Ungependa tupite?" Kisha unyamaze. Usijazie maneno. Akikubali, nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mkodi gari ili asisukumane kwenye daladala, na msipange kitu kingine mpaka mchana. Akikataa, endelea na mchele wako. Umeshamfungulia mlango, ataupitia siku anayotaka, labda na mtu mwingine kabisa.

Maji sasa. Unakaa Buhongwa, na kumbe umekaa pazuri kuliko walio mjini. Ukishika barabara ya Shinyanga mpaka Usagara ukakunja kulia, unafika Kigongo, na pale kuna Daraja la JP Magufuli lililozinduliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilomita 3, kutoka Kigongo hadi Busisi, juu ya ghuba ya Mwanza. Kama mama aliwahi kupita huko enzi za kivuko, atakumbuka foleni ile, watu wanauziwa mayai ya kuchemsha na mahindi dirishani huku wakisubiri zamu yao kwa saa nzima na zaidi. Sasa ni dakika chache tu. Kwa mtu aliyesema majini hapandi, sioni zawadi kubwa zaidi ya hiyo: atakuwa katikati ya ziwa, maji kulia na kushoto, chini yake kuna zege. Dereva aende polepole. Pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu. Akitaka, mshuke mwanzoni pale Kigongo mtembee hatua chache, mumshike mkono, kwa sababu upepo wa juu pale unavuta khanga.

Na kwa kuwa ni Pasaka, kama mama ni Mkatoliki, njiani mpitishe Bukumbi. Ile ndiyo misheni ya mwanzo kabisa ya Wamisionari wa Afrika upande huu wa kusini mwa ziwa, ilianza mwaka 1883. Wazee wanapenda mahali palipokaliwa na watu wa zamani. Akipata benchi kivulini akasali rozari yake, hiyo nayo ni safari tosha.

Jumapili baada ya ibada mpeleke mjini, Kamanga, kwenye Jiwe la Bismarck. Fika mapema kidogo, kama saa kumi na moja jioni, upate pa kukaa. Wengi wanakuja pale, wanapiga picha, wanaondoka. Nyinyi kaeni. Watazameni mnandi juu ya jiwe, wametanua mbawa zao wazi kuzikausha kama nguo kwenye kamba, na jiwe lenyewe limepauka kwa kinyesi chao. Majabali yale yamesimama juu ya mengine bila mkono wa mtu: miamba ilipasuka zamani kwa nyufa, mvua na jua vikaila mipasuko, udongo wa katikati ukasombwa, mawe yakabaki peke yake. Wewe ni mwalimu, hilo utamweleza vizuri kuliko mimi. Jua la huku linazama upande ule ule wa ghuba, saa moja kasoro hivi, na maji hubadilika rangi mara kadhaa kabla ya giza.

Pale pale Kamanga atakiona kivuko kinachokwenda ng'ambo ya Sengerema. Kinapakia magari, pikipiki, akina mama na ndoo zao, kinaondoka, baada ya muda kingine kinarudi. Mwache akitazame. Usiseme "Unaona, hawaogopi." Kama mwenyewe atauliza, "Hiki kinakwenda wapi, kinachukua muda gani?", mjibu: ni safari fupi, ng'ambo inaonekana kwa macho. Akisema twende, nendeni kesho yake asubuhi ziwa likiwa limetulia, kwa sababu mchana upepo huamka na mawimbi hupanda. Mkae juu, karibu na mlango, umwonyeshe majaketi ya kuokolea maisha yalipo kabla chombo hakijaondoka, na umsaidie kuvaa lake kama anataka, hata kama abiria wengine wote hawajavaa. Asiposema kitu, mrudi nyumbani mle.

Saanane sikushauri, ingawa naipenda. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote tulizo nazo, na zamani ilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, ilianzishwa 1964. Jina lake ni la mzee aliyeishi pale akivua na kulima kabla Serikali haijaichukua. Swala pala wapo, pimbi wamejaa juu ya mawe. Lakini kufika ni kwa boti, na utamu wake uko juu ya majabali. Mtu wa magoti atabaki chini anakusubiri wewe, na safari hii si ya wewe kusubiriwa. Nenda siku nyingine na wanafunzi wako.

Usimwahidi pia taa za wavuvi. Watu wakishaona picha za ziwa usiku limejaa taa za dagaa, wanadhani ni kila siku. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Pasaka yenyewe hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu, kwa hiyo miaka yote huangukia siku ambazo mwezi bado ni mkubwa. Utaona taa chache, na dagaa wabichi nao huwa haba sokoni. Mvua pia ni ya masika, na ngurumo za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Beba mwavuli na sweta, na alfajiri ikiwa na ngurumo, mambo ya nje yangoje mpaka saa tatu asubuhi.

Kuingiza miguu majini. Hapa nimeandika na kufuta. Kichocho ziwani kipo, na si hadithi ya kutishia watoto. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matope, vinaogelea mpaka vipate ngozi ya mtu, vinapenya bila hata kuuma. Mchana wa jua kali ndipo vinapokuwa vingi. Kwa hiyo ushauri wa hospitali ni mmoja: usiingie.

Lakini mama yako ana miaka 69, ana shoga yake mle, na ameomba miguu tu. Mimi nisingemkataza. Ningemwambia ukweli wote, kisha ningetafuta mahali pa wazi penye mchanga na mawimbi, mbali na matete na mbali na mahali watu wanapofulia na kuogea. Ningewauliza wenyeji kama mamba huonekana pale. Ningempeleka asubuhi na mapema, ningehakikisha hana kidonda mguuni, na ningekuwa nimeshika taulo kavu la kumfuta kwa nguvu papo hapo akitoka. Hayo yanapunguza hatari, hayaiondoi. Kwa hiyo baada ya miezi miwili hivi apime choo hospitali ya huko Kahama, awaambie kabisa kwamba aliingia ziwani Mwanza. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na ukiwahi inatibu vizuri. Na kama baada ya kuambiwa yote hayo ataona heri kukaa juu ya jiwe na kutazama, basi ameamua mwenyewe.

Chakula. Usimpeleke kwenye hoteli ya kitambaa cheupe mezani akakosa hamu. Mpikie sato wa mchemsho nyumbani kwako, nyanya, kitunguu, ndimu mwishoni, chumvi kidogo kwa ajili ya presha yake. Sato ana miiba, mchambulie mgongo. Kama meno yanamsumbua, mnunulie mnofu wa sangara. Muulize kuhusu furu na ningu: watu wa rika lake waliwala sana kabla sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, hajawamaliza furu. Atakusimulia soko la Kahama lilivyokuwa, nani alileta samaki kwa baiskeli, na bei. Najua atakuja na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye mfuko. Ichemshe siku hiyo hiyo, na ule mbele yake.

Alale kwako. Kama unataka sana kumpa usiku mmoja kando ya maji, fukwe za Ilemela zina nyumba za wageni, lakini uliza mambo haya kabla ya kulipa: choo ni cha kukaa? Chumba kiko chini, bila ngazi? Kuna vitanda viwili ili mlale chumba kimoja? Hilo la mwisho usilipuuze. Wazee husema mambo makubwa taa ikishazimwa. Pasaka vyumba hujaa, shika mapema. Tiketi ya basi nayo kata mapema, aje Alhamisi ili Ijumaa asiamke na uchovu, akae siti za mbele, dawa zake za presha ziwe kwenye mkoba wa begani, zisiwekwe kwenye buti la basi. Atashukia Nyegezi, uwe umeshafika kabla yake.

Kaka yako asikuudhi. Jiko linalovuja ni shida ya kweli, na mtoto anayeliona hilo ni mtoto mzuri. Mpigie, umwambie bati mtanunua wote wawili kabla ya mvua za vuli, wewe utatoa kiasi gani na mwezi gani. Halafu umwombe alipe nauli ya mama, kwenda na kurudi. Akishaweka mkono wake kwenye safari hii ataacha kuinung'unikia, na mama atafurahi zaidi kujua kwamba wote wawili mmemtuma kutembea. Bati tutalipata. Magoti ya mama yako mwaka kesho hayatakuwa haya ya mwaka huu, na maadamu anaweza kupanda basi na kushuka mwenyewe, mlete.

Ukerewe itabaki palepale. Mwenyewe akija kusema anataka kwenda, niandikie tena, nikuelekeze kwa shangazi zako wa Nansio.

*

Shangazi shikamoo. Baba yangu amelima pamba Maswa maisha yake yote. Nane Nane mwaka huu nataka kumleta Mwanza siku tatu apumzike ufukweni, ila namfahamu, hawezi kukaa. Mwaka juzi nilimweka kwenye kiti cha ufukweni, baada ya nusu saa akaanza kuwasaidia watu wa bustani kupalilia. Nimpeleke wapi? – Kijana wa Igoma

Marahaba baba. Mwache apalilie, hakuna ubaya. Ila mzee wa pamba hapa Mwanza ana mambo yake kabla hujamfikisha ufukweni.

Anza naye katikati ya mji, mtembee taratibu kwenye majengo ya ushirika. Mwambie akusimulie. Pamba ya baba yako na ya babu yako ndiyo iliyoujenga mji huu. Wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakajipanga, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mzee wako huenda anakumbuka karani wa kwanza aliyempimia, na rangi ya stakabadhi. Chukua simu umrekodi, kwa idhini yake.

Siku ya pili mpeleke Bujora, pale Kisesa. Kutoka Igoma kwako ni karibu mno. Makumbusho yale ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na vifaa vya wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, vikundi viwili vinavyoshindana tangu zamani. Mwongozaji atakuwepo, lakini usishangae baba akianza kumsahihisha. Mwambie kijana wa kuongoza mapema kwamba umekuja na mwenyewe. Ukiweza kumleta Juni badala ya Agosti, utakutana na sherehe ya Bulabo, ngoma zinashindana uwanjani na nyoka wanachezewa mbele ya watu.

Siku ya tatu, alfajiri, Mwaloni Kirumba. Ndiko samaki wa ziwa zima wanakokutana. Mtu aliyezoea mizani ya pamba atataka kujua dagaa wanapimwaje, gunia linashonwaje, nani anapanga bei, na wale jamaa wa Kongo wananunua kiasi gani. Avae viatu vya kufunga, chini kuna utelezi. Ufukwe mpeleke jioni baada ya hapo, akiwa ameshatembea na miguu imechoka yenyewe. Hiyo ndiyo saa atakayokubali kiti. Agosti upepo wa kusi ni mkali, mbebee koti.

*

Shangazi, naomba jibu fupi. Nina wikiendi ya siku tatu, mama yangu ana miaka 58 na ana nguvu kuliko mimi. Tunaweza kwenda Rubondo kuona sokwe? Tuko Geita. – Dada Mkubwa

Kufika mnaweza. Kumwona sokwe sikuahidi.

Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake ni wajukuu wa wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakaachiwa msituni wajifunze upya kuishi. Walijifunza kweli, na msitu ni mnene, kwa hiyo mtu anaweza kutembea siku nzima akawasikia tu. Kwa kuwa uko Geita, boti mtapandia upande wa Nkome, au mzunguke mpaka Chato mpandie Muganza. Wasiliana na ofisi ya hifadhi wiki kadhaa kabla, uulize boti, kiingilio cha Mtanzania na malazi kwa pamoja, kwa sababu boti ikilipiwa na watu wawili peke yao ndiyo inayokula hela kuliko vitu vingine vyote. Tafuta familia nyingine mchangie.

Siku ya kwanza mfike na kulala. Siku ya pili mtembee msituni asubuhi, mchana mpumzike, jioni mkae ufukweni mtafute nzohe, swala wa kinamasi, kwenye matete na furukombe juu ya miti. Siku ya tatu mrudi asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mama avae suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, na kitenge abebe cha kukalia.

Kitambulisho cha taifa msisahau, wote wawili, maana bila hicho mtalipishwa bei ya mgeni.